Mwongozo kwa mmisionari mpya: imani na siku yako, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Kila mara vijana wetu wanapopokea wito wa kwenda misheni, maswali ni yale yale. Nibebe viatu vingapi? Nikikaribishwa chai nifanyeje? Mwenzi wangu, yaani mmisionari nitakayepangiwa kuishi naye, akininunia je? Halafu kuna lile linaloulizwa kwa sauti ya chini, wengine wakishatoka darasani: dada, na nisipohisi chochote ninapoomba? Nimeyajibu nje ya kanisa, ndani ya matatu, na nimemjibu mama mmoja aliyekuwa akimfungia mwanawe sanduku usiku wa kuamkia safari. Nimeona niyaandike, kila mwenye kuuliza apate pa kuanzia.

Mimi ni Mkenya. Nilitumikia miezi 18 Tanzania, sehemu kubwa Dar es Salaam, kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka huko. Wewe ukiitwa Uganda, Kongo, Ghana au Utah, badilisha chakula na salamu. Mengine utayakuta kama yalivyo.

Watu watakuita Mormoni, na wengi wao hawana nia mbaya. Tangu mwaka 2018, Rais Russell M. Nelson, aliyeongoza Kanisa letu wakati huo, alipotuomba tutumie jina kamili, tunajibu kwa upole: mimi ni wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lifanyie mazoezi jina hilo mpaka ulitaje lote bila kulikimbiza, maana mara nyingi ndilo jambo la kwanza mtu kulisikia kutoka kinywani mwako.

Kabla ya kuondoka, hakikisha unavyo hivi

Pasipoti, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uchunguzi wa daktari na wa meno unafanywa mapema, wakati wa kujaza maombi, lakini kadi ya chanjo ndiyo watu huisahau kabatini. Piga picha kila karatasi na umwachie mtu mmoja nyumbani.

Viatu jozi mbili vyenye soli nene, ambavyo umeshavivaa angalau mwezi mmoja. Viatu vipya kabisa ndivyo vinavyowalemaza wamisionari wiki ya kwanza. Kaka, beba mashati meupe yanayofuliwa kwa mkono na kukauka usiku mmoja. Dada, sketi ziwe pana za kutosha kuruka mtaro na kupanda daladala. Suruali nadhifu zimeruhusiwa kwa dada tangu mwisho wa 2018, ila zipo siku na mahali ambapo sketi bado ndiyo inayotakiwa, kwa hiyo beba zote.

Maandiko yako mwenyewe, yaliyochapwa, kwa lugha utakayofundishia. Simu utakuwa nayo, lakini mtu uliyemtembelea anataka kuona kidole chako kikifuata mstari. Beba pia daftari la shajara. Kama wewe ni wa Kongo au Burundi na umeitwa mahali pa Kiingereza, ongeza kamusi ndogo.

Ujuzi wa kupika vitu vitano. Sitanii. Ugali, wali, maharage, mayai na mboga za majani. Nimeishi na mwenzi ambaye hakuwahi kupika hata yai, na tulipoteza muda mwingi tuliopaswa kuwa nje tukifundisha.

Endaumenti, ibada ya hekaluni ya kufanya maagano na Mungu. Wengi wetu wa Afrika Mashariki tulikuwa tukiipokea Johannesburg au Accra, tukiwa njiani kwenda mafunzoni. Hekalu la Nairobi liliwekwa wakfu Mei 2025, kwa hiyo sasa familia yako inaweza kuketi nawe siku hiyo. Zungumza na askofu wako mapema ili darasa la maandalizi lisifanywe haraka haraka.

Na ushuhuda, je? Hapa vijana huogopa bure. Huhitaji kuwa umeona maono. Unahitaji kuwa umekisoma Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu pamoja na Biblia, chote walau mara moja kwa hiari yako, umeomba juu yake kama sura yake ya Moroni 10 inavyoalika, na una jibu la kweli, hata dogo, unaloweza kulisimulia kwa dakika mbili. Kama huna, anza leo usiku. Usisubiri mafunzo yakupe.

Hatua 1. Amka na magoti yatangulie simu

Ratiba ya kawaida ni kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kulala saa nne na nusu usiku. Rais wa misheni, kiongozi wa wamisionari wa eneo lako, anaweza kuisogeza kidogo kulingana na mahali, kwa hiyo fuata ya misheni yako. Ukiamka, piga magoti kabla hujashika simu. Ukishaifungua utakuta ujumbe, mabadiliko ya mipango, mtu aliyeahirisha, na sala yako itakuwa ya kulalamika kuhusu hayo.

Wiki za kwanza omba kwa sauti, hata kama ni kunong'ona. Mtaje mtu mmoja kwa jina na useme unachotaka Mungu amfanyie. Sala ya "wabariki wote tunaowafundisha" haina mahali pa kushika, na baada ya mwezi utakuwa unaisema ukiwa nusu usingizini.

Kisha mazoezi ya mwili kama nusu saa. Dar tuliruka kamba uani. Usiyaache, yanasaidia usingizi na yanasaidia moyo mzito kuliko unavyodhani.

Hatua 2. Soma kwa ajili yako kwanza

Utakuwa na muda wa funzo la binafsi na funzo la pamoja na mwenzi, na muda wa lugha kama unajifunza lugha mpya. Gawanya lile la binafsi: sehemu ya kwanza soma kwa ajili ya roho yako, sehemu ya pili soma kwa ajili ya mtu utakayemtembelea leo. Usigeuze mpangilio huo.

Kosa la kawaida: kusoma maandiko kama fundi anayechagua spana, ukitafuta aya ya kumjibu fulani. Utakuwa hodari wa aya, halafu mwezi wa nne utajikuta mkavu kama mkaa. Mimi yalinipata. Kilichonisaidia ni kuanza tena kitabu cha Alma, kilichomo katika Kitabu cha Mormoni, polepole, sura moja kwa siku, bila kalamu. Humo wana wa mfalme Mosia walikaa miaka kumi na minne wakihubiri kati ya Walamani, watu waliokuwa maadui wa watu wao. Amoni, mmoja wao, alianza kwa kuchunga mifugo ya mfalme Lamoni kabla ya kufundisha lolote. Niliposoma hilo nikiwa nimechoka niliona vizuri kwamba nilikuwa na haraka ambayo Mungu hakuniagiza.

Sehemu ya 4 ya Mafundisho na Maagano, kitabu kingine cha maandiko yetu, ina aya saba tu. Ihifadhi moyoni kwa Kiswahili. Wamisionari huisema pamoja kwenye mikutano, na utaihitaji siku ambazo huna maneno yako mwenyewe.

Hatua 3. Toka ukijua unakwenda kwa nani

Mpango wa leo uliandikwa jana usiku. Asubuhi unauthibitisha tu: nani anatutarajia, saa ngapi, na kama hayupo tunakwenda kwa nani hapo jirani. Panga kwa mtaa. Ukipanga kwa saa peke yake utajikuta unavuka mji mara tatu kwa siku na nauli itakuishia tarehe 15.

Bodaboda: uliza kabla hujapanda. Usalama wa barabarani una kanuni zake katika kila misheni, na "wenyeji wote wanapanda" haitakuwa jibu siku ya ajali.

Mbaki pamoja, mwonane na msikilizane, muda wote. Na usiingie nyumba ambayo ndani yake kuna mtu mmoja tu wa jinsia nyingine bila mtu mzima mwingine kuwapo. Akikukaribisha, omba kiti mlangoni au barazani. Kwetu baraza ni mahali pa heshima, hakuna atakayeona umemdharau.

Hatua 4. Ingia kama mtoto wa nyumba

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunaharibu.

Nilifika Dar nikiwa na Kiswahili cha Nairobi. Niliingia dukani nikasema "nipe maji." Muuzaji alinipa, lakini uso wake ulifunga. Mwenzi wangu, aliyekuwa wa Mbeya, alinifundisha njiani: sema "naomba." Alinifundisha pia kwamba huwezi kumpita mtu mzima bila shikamoo, kisha ungoje marahaba, kisha uulize habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na kila jibu ulipokee kabla hujafungua mkoba. Niliona tunapoteza muda. Baada ya mwezi nilielewa kwamba mama aliyeniitikia marahaba amekwisha kunipokea, na somo linaendelea kutoka hapo.

Kwa hiyo: piga hodi, ngoja karibu. Vua viatu ukiona viatu mlangoni. Mzee wa nyumba asalimiwe kwanza hata kama aliyekualika ni kijana wake. Jina lako katika Kanisa litakuwa Mzee fulani au Dada fulani. Kaka wa miaka 19 anayeitwa Mzee na mwenye nyumba ana miaka 70, eleza kwa unyenyekevu kwamba hicho ni cheo cha ukuhani, kisha umpe yeye shikamoo yake.

Sasa chai. Utakaribishwa chai, na kwa watu wetu kukataa chai ni kama kukataa mkono. Neno la Hekima, sheria yetu ya afya, linatukataza chai na kahawa, pombe na tumbaku. Wiki yangu ya pili nilimwambia bibi mmoja, "Sisi hatunywi chai," nikaishia hapo. Alikuwa ameshawasha jiko kwa ajili yetu. Alinyamaza, na hatukukaribishwa tena pale. Nimelibeba hilo.

Fanya hivi. Shukuru kwanza, halafu omba kitu kingine palepale, kabla kimya hakijaingia: "Asante sana mama, naomba maji tu, au kama una mchaichai." Kinachokatazwa ni majani ya chai na kahawa. Mchaichai ni sawa, tangawizi peke yake ni sawa, maziwa ya moto ni sawa, uji ni sawa. Akiuliza kwa nini, mwambie kwa sentensi moja kwamba ni ahadi tuliyomwekea Mungu kuhusu miili yetu, kisha kunywa kile alicholeta mpaka kiishe. Wako wenyeji waliokuwa wakituchemshia mchaichai kabla hatujafika, na mwishoni wakauliza wenyewe habari za ahadi hiyo.

Kuhusu majirani Waislamu, nao katika pwani yetu ni wengi: salamu, heshima na msaada wa mikono ni kwa kila mtu. Kufundisha ni jambo lenye maelekezo ya rais wa misheni. Yaulize siku ya kwanza na uyashike, kwa sababu kutojali kwako kunaweza kumletea mtu matatizo na familia yake ukiwa umeshahamishwa.

Hatua 5. Fundisha kwa ufupi, uliza, nyamaza

Nusu saa inatosha. Anza kwa sala, fundisha jambo moja, soma aya moja pamoja, uliza swali ambalo hujui jibu lake. Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi utakutisha, nawe utataka kuujaza. Usiujaze. Mara nyingi ndipo mtu anasema lile la kweli: mtoto aliyezikwa, ndoa inayoyumba, sala zisizojibiwa.

Maliza kwa mwaliko mmoja unaoweza kufuatiliwa: soma ukurasa huu, omba usiku huu, njoo Jumapili saa tatu tutakungoja getini. Halafu kesho ulizia.

Onyo zito: usiahidi kitu ambacho si injili. Watu wengi wataona shati jeupe, watasikia makao makuu yako Salt Lake City, na watafikiria ufadhili wa masomo, kazi au safari ya Marekani. Wengine watauliza waziwazi, wengine watabatizwa wakingoja. Sema mapema na kwa upendo kwamba hatulipwi mshahara, tumekuja kwa michango yetu, ya familia na ya waumini, na hatuna nafasi za kugawa. Hata kama idadi ya waliokubali ubatizo itapungua wiki hiyo, sema. Anayebaki baada ya kusikia hivyo utamkuta kanisani miaka mitano baadaye.

Hatua 6. Ishi na mwenzi

Hukumchagua. Mtalala chumba kimoja, mtakula sufuria moja, na baada ya wiki kama sita, au kumi na mbili, mmoja wenu atahamishwa. Wa kwanza atakuwa mkufunzi wako, kwa kawaida kwa wiki kumi na mbili.

Jioni ya kwanza kabisa kubalianeni mambo madogo kabla hayajawa makubwa: nani anaoga kwanza, zamu za kupika, zamu za maji, nani anashika ufunguo, simu inawekwa wapi usiku. Ndiyo, ufunguo. Nimeona wamisionari wawili wasiosemezana siku mbili kwa sababu ya ufunguo.

Kila wiki mtakuwa na muda wa kupanga, na ndani yake kuna nafasi ya kuambiana ukweli. Itumieni. Anza kwa kumwambia kitu alichofanya vizuri, ukitaje hasa. Kisha lile linalokuumiza, moja tu, kwa maneno ya "niliumia uliponikatiza tulipokuwa kwa mama fulani," si "wewe huwa unanikatiza." Kisha pigeni magoti pamoja, na wewe uwe wa kumwombea yeye kwa jina, akiwa anakusikia. Ni vigumu kuendelea kumnunia mtu uliyemwombea kwa sauti.

Kosa la kawaida: kumsema mwenzi kwa wamisionari wengine siku ya maandalizi, ile ya kufua na kuandika barua. Kama ni jambo la kuchosha tu, mwambie yeye. Kama ni la hatari au ni kuvunja kanuni kubwa, mwambie rais wa misheni. Hakuna mahali pa tatu.

Hatua 7. Pesa, maji, chakula

Pesa ya matumizi huingia kwenye kadi kila mwezi. Siku ikiingia, toa kwanza ya nauli na ya chakula cha msingi, nunueni unga, mchele, maharage na mafuta vya mwezi mzima. Vitu vya mwezi vikiwa ndani hamtalala njaa hata mkikosea hesabu. Bakiza akiba ndogo kwa dharura. Usikopeshe, na usikope, hata kwa muumini. Mtu akiwa na shida ya kweli, mpeleke kwa askofu au rais wa tawi, kiongozi wa kanisa la mahali hapo, wao wana utaratibu wa kusaidia bila kumdhalilisha.

Maji ya kunywa yachemshwe au yachujwe, kila siku, hata mkiwa mmechoka. Lala ndani ya chandarua. Ukihisi homa, mjulishe rais wa misheni au mkewe siku hiyo hiyo na ukapime malaria. Usimeze dawa za kukisia, na usijifanye shujaa kwa kufunga na kuomba badala ya kwenda zahanati. Baraka ya ukuhani na kipimo cha damu vinakwenda pamoja.

Hatua 8. Siku ya maandalizi

Kwa kawaida ni Jumatatu, mpaka saa kumi na mbili jioni. Fua asubuhi na mapema, jua halikungoji. Chemsha maharage ya siku tatu. Andika barua ya wiki kwa rais wa misheni na umwambie ukweli kuhusu hali yako, kwa sababu anaisoma.

Kisha nyumbani. Tangu Februari 2019 tunaruhusiwa kupiga simu au kupiga ya video kila wiki. Waliotutangulia walizungumza na nyumbani Krismasi na Siku ya Akina Mama tu, yaliyobaki yalikuwa barua. Ni zawadi kubwa, ila ina namna yake ya kuumiza. Mzazi unayesoma hapa, tafadhali: usimweleze mtoto deni la karo la mdogo wake kana kwamba anaweza kulilipa kutoka Mwanza. Mwombe akuombee kuhusu hilo, hapo umempa kazi anayoiweza. Na wewe mmisionari, waulize wao kwanza. Mwambie mama umekula nini. Hilo ndilo analotaka kujua kabla ya ubatizo wowote.

Hatua 9. Jumapili

Fika mapema, panga viti, simama getini. Wageni wako wasiingie peke yao. Mtafutie kila mgeni muumini mmoja wa rika lake wa kukaa naye, kwa sababu wewe utahamishwa na muumini atabaki.

Sakramenti, mkate na maji ya kumkumbuka Kristo, ipokee kama mtu aliyechafuka wiki nzima, siyo kama mwenyeji anayehesabu waliokuja. Nilijifunza kuinamisha kichwa na kuacha kugeuka mlangoni kila unapofunguka. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga milo miwili. Kunywa maji ya kutosha kabla ya kuanza, na funga ukiwa na jina la mtu.

Hatua 10. Funga siku

Rudini kwa saa iliyopangwa. Pangeni ya kesho, mwandike katika simu nani mlimwona na mliahidiana nini. Kisha shajara, mistari mitano: nilimwona nani, nilihisi nini, nilikosea wapi. Usipite mistari mitano ukiwa umechoka, maana ukijilazimisha kurasa mbili utaacha kabisa ndani ya wiki tatu. Simu ikae mahali mlipokubaliana, mbali na mto. Taa izimwe saa nne na nusu.

Mambo yakikwama

*Naomba na sihisi chochote.* Angalia usingizi na chakula kwanza. Nimewahi kuita njaa kukosa imani. Kama umelala na umekula, badilisha namna: omba ukitembea, omba kwa lugha ya mama, kwa Kikamba au Kihaya au Kiluba, ile uliyolilia ukiwa mdogo. Omba ukishukuru tu, bila kuomba kitu, kwa siku tatu. Na endelea kutenda yale unayoyajua. Kuna majuma ambayo utiifu ndio sala pekee uliyo nayo, na Mungu anaipokea.

*Hakuna anayesikiliza.* Gordon B. Hinckley, ambaye baadaye alikuwa rais wa Kanisa, alifika Preston, Uingereza, mwaka 1933, akakata tamaa upesi, akamwandikia baba yake kwamba anapoteza muda wake na pesa za baba. Jibu lilikuwa fupi: ajisahau, aende kazini. Kwa vitendo maana yake ni hii: wiki ambayo milango imefungwa, tafuteni kazi ya mikono. Mchoteeni mjane maji, palilieni shamba la jirani, fagieni kanisa. Soma pia Alma 26:27, pale wamisionari wenyewe wanakiri kwamba mioyo ilivunjika na walikuwa karibu kurudi.

*Nyumbani kuna msiba.* Mpigie rais wa misheni mara moja, saa yoyote. Usikae na habari hiyo hadi asubuhi ili usimsumbue. Yeye ndiye atakayezungumza nawe kuhusu simu ya nyumbani na yatakayofuata. Mwenzi, kazi yako usiku huo ni kukaa naye, kupika uji na kutosema maneno mengi.

*Mtu anayefundishwa amenipenda, au nimempenda.* Sema leo. Mwambie mwenzi, kisha rais wa misheni. Mara nyingi mtabadilishana tu na wamisionari wengine kumfundisha, na jambo linaishia hapo. Linalofichwa ndilo linalokua.

*Silali, sili, au nalia kila siku, na sitaki kuamka.* Hilo si udhaifu wa imani, na kukemewa "ongeza imani" hakuliponyi. Likizidi wiki moja au mbili, mwambie rais wa misheni au mkewe kwa maneno ya wazi. Wanaweza kukuunganisha na mshauri. Ukiwahi kufikiria kujidhuru, usingoje hata dakika: mwamshe mwenzi wako na mpige simu pamoja.

*Nataka kurudi nyumbani.* Wengi wetu tulisema hivyo, hasa wiki ya pili na mwezi wa nne. Usiamue usiku. Ngoja ulale, ule, ufundishe mtu mmoja, kisha ongea na rais. Na ikiwa utarudi kweli mapema, kwa ugonjwa au kwa sababu nyingine, rudi ukiwa umeinua kichwa. Waumini wa nyumbani, huyu kijana ametoa alichokuwa nacho. Mpokeeni kama mnavyowapokea waliomaliza miezi 24, mpeni wito kanisani wiki hiyo hiyo, na msimuulize sababu mbele za watu.

*Nimemaliza, beji naivua lini?* Si uwanja wa ndege. Unabaki mmisionari mpaka rais wa kigingi, kiongozi wa makanisa ya eneo la kwenu, akuachilie, kwa hiyo nenda kwake siku ile ile ukifika, na wazazi waje kama wanaweza. Usiku huo utapanga viatu mlangoni, utageukia upande ambao kwa miezi yote hiyo kulikuwa na mtu, na hapatakuwa na mtu. Piga magoti hivyo hivyo. Nenda na majina ya watu uliowaacha, mmoja mmoja, ukianza na yule wa mwisho kukupikia.